Kinywaji cha Kiangazi: Tuanze na Maji



Kiangazi kimefika. Tangu Juni mpaka Agosti huku kwetu mvua inakuwa kidogo, vumbi la barabara ya Sake kwenda Minova linaingia mpaka kwenye sahani, na kila nyumba iko na mtu mwenye kiu. Njo wakati pia wa sherehe: ndoa, ubatizo, na zile kolasyo tunazofanya mtu akimaliza kutetea kazi yake ya mwisho wa masomo. Kwenye meza utaona nini? Makasha ya sukre, yaani soda, zilizonunuliwa kwa deni. Na nyuma ya nyumba ileile mchaichai umeota mpaka unafunga njia, marakuja zinaanguka chini, ndimu zinaoza kwenye majani.

Mimi nalima kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, na wengi wananiuliza namna ninavyotengeneza vinywaji vyangu. Nitaeleza yote, na vipimo nitatoa. Lakini nianze na jambo ambalo watu wengi wanaliruka wakifundisha mapishi ya jusi. Lita moja ya kinywaji, hata iwe na tunda gani, sehemu kubwa ni maji. Kama maji ni mabaya, hakuna jani wala tunda litakalokuokoa. Huku kando ya ziwa, hilo si neno la kupamba maandishi.

MAJI YA ZIWA YAKO NAMNA GANI?

Ziwa Kivu liko kwenye mita karibu 1,460 juu ya bahari, katika nchi ya volkano. Maji yake yamebeba madini mengi, na yanaelekea upande wa magadi: pH yake huku juu iko karibu na 9. Waliosoma kemia wanakumbuka: 7 ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni magadi.

Sasa sikilizeni vizuri. Kijidudu cha kolera, ile ambayo Kiswahili cha vitabu kinaita kipindupindu, kinapenda maji ya namna hiyo. Hata kwenye maabara, wakitaka kukikuza ili wakipime, wanakiweka kwenye maji yenye magadi. Kitu kinachokiua haraka ni mbili: moto na uchachu. Mukishika hilo, mmeshika nusu ya somo la leo.

Wakubwa wetu hawajasahau Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Goma, na kolera pamoja na kuhara damu vikaua maelfu na maelfu ya watu ndani ya wiki chache. Na sisi wenyewe tumeona Februari 2024: mapigano ya karibu na Sake yalikata barabara ya Goma, familia nyingi zikakimbilia pande zetu za Bweremana na Minova, na chakula cha kwenda mjini kikaanza kupita kwa mashua. Watu wakiwa wengi, vyoo vikiwa vichache, na bidoni zote zinashuka kuchota palepale ziwani, kolera haihitaji mwaliko.

Kuna mama mmoja jirani, nilipokuwa nachemsha maji ya kutengenezea jusi, aliniambia: "Mwanangu, sisi tulikunywaka maji ya ziwa tangu utoto, na tuko hapa. Unapoteza tu makala."

Nikamjibu: "Ndiyo mama, ninyi mko hapa. Lakini wale ambao hawako, nani atawauliza?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi uniwekee na mimi kikombe."

NJIA TATU ZA KUSAFISHA MAJI

Ya kwanza ni kuchemsha. Kwa urefu wetu huu maji yanachemka kwenye digrii karibu 95, si 100, lakini hiyo inatosha kuua vijidudu. Yaache yatokote kwa nguvu dakika moja nzima. Wandugu wa huko juu kwenye vilima vya Masisi, ambako ni zaidi ya mita 2,000, mwache dakika tatu. Hakuna haja ya kutokotesha nusu saa. Hapo kweli mama jirani ana haki, unapoteza makala.

Uzuri wa vinywaji vya majani ni kwamba kuchemsha kumo ndani ya mapishi. Moto uleule unaotoa harufu ya mchaichai njo unaosafisha maji. Unalipa makala mara moja, unapata faida mbili.

Ya pili ni klori. Ni vidonge vya kununua, au ile dawa ambayo watu wa afya wanatia kwenye bidoni yako unapochota ziwani. Maji yakiwa na matope, yaache yatulie kwanza na uyachuje kwa kitambaa safi, kisha fuata kipimo kilichoandikwa na ungojee dakika 30. Na hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui: vitamini C inaua nguvu ya klori. Ukikamua ndimu au ukitia marakuja kwenye maji dakika mbili tu baada ya klori, ile dawa inakufa kabla haijafanya kazi yake. Utakuwa umekunywa maji machafu yenye harufu nzuri. Kwa hiyo klori kwanza, ungojee nusu saa, tunda baadaye. Siyo kinyume.

Ya tatu ni jua, na kiangazi hatukosi jua. Jaza maji maangavu kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, uilaze juani saa sita. Mawingu yakifunika nusu ya mbingu au zaidi, uiache siku mbili. Maji yenye matope hayafai kwa njia hii, juu mwanga haupiti.

NA NDIMU, JE? HAIUI KOLERA?

Hili swali nalipenda, juu jibu lake ni "ndiyo" yenye mpaka. Miaka ya 1990, wakati kolera ilipiga Guinea-Bissau huko Afrika ya magharibi, watafiti waliona kwamba watu waliotia maji ya ndimu kwenye chakula chao waliugua kidogo kuliko wengine. Walipopima maabarani, waliona uchachu wa ndimu kweli unakizuia kile kijidudu. Kwa hiyo bibi zetu wanaokamulia ndimu juu ya kila kitu hawakosi akili.

Mpaka wake ni huu. Maji ya ziwa letu yana magadi, na magadi yanameza uchachu. Ndimu ya kwanza unayoikamua kwenye bidoni ya maji ya ziwa, sehemu kubwa inapigana na magadi tu. Tena ndimu haijui kuua kila kijidudu. Kuhara hakuletwi na kolera peke yake. Basi ndimu ni askari wa pili. Askari wa kwanza ni moto, au klori. Usimtume wa pili vitani peke yake.

Ukitaka kuona vita vya magadi na uchachu kwa macho yako, tafuta lile ua jekundu linalokaushwa, ambalo wengi tunaliita bisapu. Tia maua machache kwenye maji ya ziwa mengi yaliyochemka. Rangi itaelekea zambarau iliyofifia. Kisha kamulia ndimu polepole ukikoroga: wekundu unarudi. Rangi ile njo kipimo cha pH. Wenzetu wanaofundisha shule za sekondari bila maabara, hilo ni somo la kemia la bei ya ndimu moja.

MAJANI: MCHAICHAI, NANAA, TANGAWIZI

Mchaichai, ule wengine wanaita sitroneli. Kwa lita moja ya maji chukua majani marefu sita au saba. Yaoshe, yakate kidogo au uyafunge fundo ili mafuta yatoke. Maji yakisha kutokota dakika moja, tia majani, toa sufuria kwenye mbabula, na UFUNIKE. Naandika kwa herufi kubwa juu harufu ya mchaichai ni mafuta yanayopanda na mvuke. Ukiacha sufuria wazi, unanukiza jikoni na unakunywa maji ya moto. Dakika kumi zinatosha. Mafuta hayo ni ya jamii ileile iliyomo kwenye ganda la ndimu, njo maana vinapatana sana.

Nanaa. Hapa kuna jambo la kuangalia. Picha nzuri za vinywaji zinaonyesha jani bichi la nanaa likielea juu ya glasi. Lakini kiangazi nanaa yako unaimwagilia kwa maji gani? Yale ya ziwani au ya mtaro. Umechemsha maji, umengojea yapoe, kisha unarudisha uchafu wa bustani juu yake kwa ajili ya urembo. Kazi yote imebomoka. Mimi nanaa naitia kwenye maji ya moto pamoja na mchaichai, kwa dakika tano za mwisho. Inapoteza urembo kidogo, haipotezi ladha. Kama kweli unataka jani bichi, lioshe kwa maji yaliyotiwa klori.

Tangawizi. Kipande chenye urefu wa kidole gumba kwa lita moja. Kwangua ganda, twanga, chemsha dakika kumi, chuja. Ukiipenda kali, usichemshe muda mrefu, juu moto unapunguza ule ukali wake. Ukiwa na nanasi, usitupe maganda: yasugue vizuri kwa maji safi, yachemshe pamoja na tangawizi dakika 20. Nyama ya nanasi umekula, na maganda yamekupa kinywaji.

Neno moja kuhusu artemizia, juu wengi tumeipanda. Ile si majani ya kinywaji cha kiangazi. Shirika la Afya Duniani halishauri kunywa chai ya artemizia kwa kutibu wala kuzuia malaria. Mwenye homa aende apimwe. Usiichanganye kwenye jusi ya wageni eti inaleta nguvu.

MATUNDA: MARAKUJA, PRUNI, NDIMU

Marakuja. Hii yetu ya rangi ya zambarau inapenda vilima. Usiogope ile iliyokunjamana ganda. Mara nyingi njo tamu zaidi, mradi haijapasuka wala kuoza. Osha ganda kabla ya kukata, juu kisu kinapita kwenye ganda kikiingia ndani na kila kilicho nje. Kwa lita moja ya maji chukua nane mpaka kumi. Kamua nyama na mbegu kwenye bakuli, mwagia maji safi ya uvuguvugu, koroga kwa uma mpaka mbegu zijitenge, kisha chuja. Ukiwa na mashini, usisage mbegu: zinatia uchungu na unga mweusi.

Pruni, ile ambayo Warwanda wanaita ikinyomoro. Ganda lake lina uchungu. Itumbukize kwenye maji ya moto dakika moja, ganda litavuka lenyewe. Ponda sita kwa lita, chuja, onja. Inakubali sukari kidogo na inapendana sana na marakuja.

Sasa kinywaji ninachokipenda kuliko vyote, na njo hiki napika wageni wakija: lita moja ya chai ya mchaichai iliyopoa, nyama ya marakuja sita, maji ya ndimu mbili, sukari vijiko vidogo vinne. Koroga, chuja, mimina. Kila kitu kimetoka kiwanjani isipokuwa sukari.

Kuhusu sukari hiyo. Chupa ndogo ya sukre, ya santilita 30 hivi, mara nyingi inabeba gramu karibu 30 za sukari, yaani vijiko vidogo sita. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na ikiwezekana ashuke chini ya 25. Kinywaji changu cha juu, lita nzima kwa watu wanne, kinampa kila mtu kijiko kimoja cha sukari. Harufu ya mchaichai na uchachu wa marakuja vinafanya kazi ambayo sukari ingefanya. Mara ya kwanza ulimi utalalamika. Baada ya wiki mbili utauzoeza.

KUTUNZA BILA FRIGO

Wengi wetu hatuna frigo, na mwenye frigo hana umeme kila siku. Kanuni ni rahisi. Chai ya majani iliyofunikwa vizuri kwenye chombo kilichosuuzwa kwa maji ya moto inafika jioni. Jusi ya matunda ni ya saa chache: tengeneza asubuhi, imalizike kabla ya giza. Kama safari ni ndefu, beba chai ya mchaichai kwenye chupa na marakuja nzima kwenye kikapu, uchanganye ukifika. Tunda halijapasuka ni frigo yake lenyewe.

Tunajua wote mambo ya mutobe, maji ya ndizi mbivu: ukiuacha ulale, kesho unatoa povu, na ukitiwa unga wa mtama uliokaangwa unakuwa kasigisi. Jusi yako ya marakuja nayo inaelekea njia ileile, bila unga na bila ruhusa yako. Ikianza kutoa povu na harufu ya pombe, usiiuze na usimpe mtoto.

Kwa kupoza, weka chupa ndani ya chungu, au uifunge kitambaa chenye maji na kuiacha kivulini penye upepo. Barafu ya kununua sokoni usiitie ndani ya glasi kama hujui imegandishwa kwa maji gani. Baridi haiui kolera, inailaza tu.

KUPANDA, HATA KWENYE GUNIA

Mchaichai unapandwa kwa kugawa shina: omba jirani vishina vitatu vyenye mizizi, kata majani nusu, panda, mwagilia. Baada ya miezi michache una kichaka, na mizizi yake inashika udongo wa mteremko usikimbilie ziwani. Nanaa inaota kwa vitawi, lakini iweke peke yake, juu inavamia wengine. Tangawizi inataka miezi minane mpaka kumi, udongo laini na kivuli kidogo. Marakuja inaanza kuzaa baada ya karibu mwaka mmoja, na inahitaji kitu cha kupanda juu yake: uzio, hata mti wa avoka. Pruni inaomba mwaka mmoja na nusu au miwili.

Wanaoishi kwenye nyumba za kupanga au kambini wanasema: mimi sina kiwanja. Gunia moja la udongo uliochanganywa na mbolea ya majani, likiwekwa mlangoni, linabeba mchaichai na nanaa ya nyumba nzima. Mtu akilazimika kuhama tena, anang'oa kishina kimoja, anakifunga kwenye kitambaa chenye maji, anaenda nacho. Nimewaona waliofanya hivyo.

KWA WANAOTAKA KUUZA

Najua wengi wetu tuko na diplome kabatini na mfuko mtupu. Kuuza vinywaji ni kazi ya heshima, lakini anza kidogo na kwa hesabu. Andika kila kitu: makala, sukari, klori, vikombe, usafiri, na saa zako. Gawanya kwa idadi ya vikombe. Hapo njo utajua bei, siyo kwa kuangalia jirani anauza ngapi. Anza na bidoni ndogo ya lita tano siku ya soko, uone inaisha saa ngapi.

Na uweke mbele ya meza ndoo ya pili: maji yenye klori na sabuni, ya kuoshea vikombe na mikono. Ndoo moja ya maji yaliyolala, ambamo vikombe vyote vinazamishwa toka asubuhi mpaka jioni, inaweza kuugua kwa niaba ya soko zima. Mteja akiuliza maji umeyatoa wapi, usikasirike. Mwonyeshe sufuria. Mteja anayeuliza hivyo leo kesho analeta wengine watatu.

Tena usiuze kinywaji kama dawa. Mchaichai unaburudisha, marakuja ina vitamini, inatosha. Mtu mwenye kuhara maji kama ya mchele hahitaji jusi yako. Anahitaji kituo cha afya haraka, na njiani anywe maji ya ORS kidogo kidogo bila kuacha.

Kiangazi hiki, kama kuna kolasyo kwenu, jaribuni meza moja bila makasha. Sufuria mbili, mchaichai, marakuja, ndimu, watu watatu wa kukamua. Pesa zitakazobaki mtalipia nakala za kazi ya mwenzenu anayefuata kutetea. Mkiwa na majani mengine mnayotumia huko Walikale, Rutshuru au Kalehe, andikeni hapa chini pamoja na vipimo vyake, nasi tuonje.